Tundu la Chini ya Bwawa

Shoga, nisikilize. Jumamosi usimpeleke mwanao kwenye lile bwawa la kuogelea!

Binti yangu kapiga mbizi, haibuki. Kumbe mtunza bwawa kang'oa kifuniko cha tundu la chini, lile linalovuta maji kwenda kwenye pampu. Yuko pembeni anakisugua, na pampu inanguruma! Tundu likamvuta nywele, kichwa kikabanwa sakafuni.

Jitu lile likachukua wavu wa kuokotea majani. "Tulia mama, namtoa."

Namtoa!! Kwa wavu!!

Nikamzaba kofi akayumba. "Zima pampu, mjinga wee!"

Akazima. Mume wangu akazama, akamtoa. Msuko mmoja umebaki kule na ngozi ya kichwa. Lakini anapumua, shoga.

Yule mtu akarudisha kifuniko, akawaambia watoto wengine: "Haya, ingieni, pako salama."

Watu wamenibandua mikono shingoni mwake kwa nguvu.