Wamekugeuza Mtu wa Ndiyo

Mwalimu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kwa namna nyingine.

Tangu tukuzike kijijini Kolo nilikuwa na huzuni tu. Wiki mbili hizi nina kinyaa. Chuo kimekufanyia kongamano la kumbukumbu. Chuo kilekile kilicholifuta somo lako la uanaki, la watu kuishi bila mtawala juu yao, eti unawafundisha vijana kupinga bila kuwaonyesha njia. Jukwaani waliweka ile picha yako ya suti uliyoichukia, na bango: "Kutoka Kukataa Hadi Kujenga."



Unakumbuka nilivyokuuliza darasani, "Sasa tukiukataa utawala, tuweke nini badala yake?" Ulicheka. "Wewe binti, mtu akikukanyaga mguu, unamwandalia kwanza mpango mbadala? Unamwambia toka." Kisha ukakaza uso. Ukasema kukataa nako ni kufikiri, na anayekudai jibu kabla hujamaliza kusema hapana anataka unyamaze. Wananadharia bado wanabishana kama siasa inaweza kusimama juu ya ukanushi peke yake. Wewe walikupa ukuu wa idara mara mbili, ukaukataa, ukarudi kusahihisha mitihani.

Basi aliyeuchukua ukuu huo akasimama mbele ya mgeni rasmi. "Marehemu hakuwa mpingaji," akasema. "Alikuwa mkosoaji mwenye kujenga." Makofi! Wenzako, Mwalimu, wale waliokuwa wakikukwepa kwenye korido, walipiga makofi.

Wakamwita mkeo atoe shukrani. Mama Zuhura alishika kipaza sauti.

"Huyo mnayemsema mimi simjui. Mume wangu amekufa hajawakubali."

Akakiweka mezani, akatoka. Mimi ndiye niliyepangwa kusoma mada inayofuata. Niliinuka nikamfuata. Tulilia kwenye vumbi la maegesho, tumeshikana kama watoto, halafu yeye akaanza kucheka, nami nikacheka.

Jumatatu nikaitwa ofisini. Niombe radhi kwa maandishi, la sivyo mkataba wangu wa uhadhiri msaidizi hautaendelea. "Kama huombi radhi, wewe unapendekeza nini?" mkuu yuleyule wa idara aliniuliza, kwa upole ule wao unaonuka. Sikupendekeza kitu. Nilisema hapana, nikatoka, nikafunga mlango.

Kazi sina. Naogopa, sitakuficha, mama yangu hasemi na mimi. Lakini kila Jumamosi wanafunzi wako wanakuja sebuleni kwangu Nkuhungu, tunasoma, tunagombana, hakuna mwenyekiti. Juzi walinibana kwenye hoja moja mpaka nikakiri sina jibu, na hakuna aliyenidai.

Pumzika, Mwalimu wangu. Sitakusafisha ili wakupende. Popote watakaposema ulikuwa wao, nitasimama niseme si kweli, hata nikiwa peke yangu ukumbini.

Mwanafunzi wako,
Neema