Sifuri Sitini

Jumatatu, 4 Machi
Nimehamia kwa Mama. Kaanguka bafuni, nyonga imepata ufa, na Dada hawezi kuwaacha watoto. Nyumba iko nyuma ya kiwanda cha ngozi, ukuta kwa ukuta. Nilipofungua dirisha nusura nitapike! Mama akacheka. Masikio yake hayasikii, mpaka umpigie kelele, lakini pua yake inasikia kila kitu. Na mimi ndiye ambaye kazini wananiita Bwana Pua, maana kazi yangu ni kupima harufu.

Alhamisi, 7 Machi
Kazi ya wiki ijayo — kiwanda hichohicho. Majirani wamelalamika, kiwanda kimetuita tupime harufu. Kanuni yetu haina mjadala: anayelala karibu haruhusiwi kupima, maana pua huzoea. Fomu inauliza unalala wapi. Nikaandika nyumbani kwangu, si kwa Mama. Ningesema kweli, mkubwa angenipeleka vituo vya kupimia vya mbali, wiki tatu. Mama nani angempeleka msalani?

Jumanne, 12 Machi
Kituo cha nne, mbele ya mlango wa Mama. Bila manukato, bila kahawa, bila kitunguu mdomoni. Kila sekunde kumi unavuta pumzi, unaandika namba. Sifuri hakuna, sita haivumiliki. Dakika kumi, namba sitini. Upepo ulitoka kiwandani moja kwa moja. Jirani akapita kajiziba pua na kitambaa. Mimi sikusikia kitu. Sifuri. Zote sitini.

Jumatano, 13 Machi
Nimenusa kahawa. Sabuni. Soksi zangu. Zote nazisikia. Ni hiyo moja tu iliyopotea. Naogopa.

Ijumaa, 15 Machi
Mwenzangu kapima kituo cha nne jana, upepo uleule: nne, tano, nne, tano. Mkubwa akatuweka meza moja. Akasema pua yangu ina miaka kumi na moja kazini, ya mwenzangu ina miwili, na juzi alikuwa na mafua. Namba zangu zikaingia kwenye ripoti, zake zikawekwa kando. Binti wa watu hakubisha. Aliniuliza tu, tukiwa mlangoni: "Kwani unakaa wapi siku hizi?" Nikajifanya natafuta funguo. Najionea aibu.

Jumatatu, 25 Machi
Mama kaweka dole gumba kwenye barua ya majirani. Kesho kikao cha majirani na kiwanda, na anataka kwenda. Nimemwambia nyonga. Kasema nyonga haiendi kusema, mdomo ndio unakwenda.

Jumanne, 26 Machi
Niko ukumbini. Nimemsukuma Mama kwenye kiti cha magurudumu mpaka safu ya mbele. Meneja wa kiwanda kasimama, kasoma ripoti: kituo cha nne, sifuri. Majirani wakanigeukia wote. Waliniona nikipima, na wananijua, kila asubuhi wananiona nikianika mashuka ya Mama.

Mama akanivuta, anataka kujua kimesomwa nini. Nikainama sikioni: wamesema hakuna harufu.

"Nani kasema?"

Mwenyekiti akatoa mapumziko, dakika kumi. Naandika nyuma ya fomu kwa mkono mmoja. Mwingine kaushika Mama, hauachii.

Kauliza tena: "Nani kasema?" Nimemjibu kwa sauti ndogo: mimi. Hajasikia. Lazima nipige kelele — na watu wameshaanza kurudi kwenye viti.