Magunia Kumi na Mawili

Jumatatu, 3 Februari

Ndege ya tatu leo kutoka Entebbe kutua hapa Juba. Samaki tena. Barafu imeyeyuka, maji yamechuruzikia mizigo yote ya chini, karatasi hazisomeki. Magunia kumi na mawili yametoka India, karatasi zake uji mtupu. Nikafumua mshono wa moja, nikaona mpira, nikaona nyayo. Nikaandika: viatu, mali ya biashara. Muhuri. Yakaenda ghala la ushuru. Jua la leo la kuua mtu.

Mama amepimwa. Mafundi wa Kihindi wamepiga kambi ya wiki moja hospitalini, wanatengenezea watu miguu ya bandia bure. Wamefunga kigutu chake kwa plasta, ikakauka, wakaichomoa, wakaandika jina lake juu. Arudi Ijumaa. Amecheka jioni nzima. Akicheka hivyo naogopa.

Jumanne, 4 Februari

Mama hana wimbo mwingine ila Suresh. Huyo ndiye fundi mkuu. Eti alichuchumaa kando yake, akamuuliza anapika vipi, anaoga vipi, ni lini anavaa viatu. Kwao wakulima huingia shambani pekupeku, kwa hivyo mguu wanaoutengeneza unakunjika na haudai kiatu. Ule wa kwanza, tuliopewa baada ya senke, hizi pikipiki za abiria, kumgonga, ulitoka Ulaya. Mzuri wa kutazama. Bila kiatu hausimami, na ukichuchumaa unakuangusha. Uko chini ya kitanda.

Mimi karani wa mizigo uwanja wa ndege, dunia naisoma kwenye makasha. Nilipoanza, msaada wote ulitoka Ulaya na Marekani. Sasa dawa ni India, mabomba ya maji Uchina, mahema Uturuki. Mzee Lado, bosi wangu, anasema hakuna cha bure, nao wana lao, wanatafuta mafuta yetu. Pengine. Kwani vya Ulaya vilikuwa bure? Mama anataka kuchuchumaa jikoni kwake, basi.

Jumatano, 5 Februari

Suresh amekuja ofisini na nesi. Anatafuta mzigo wake. Magunia kumi na mawili. Ameangalia orodha ya vifaa vya hospitali, hayamo.

Nikakumbuka gunia la Jumatatu. Zile nyayo hazikuwa za viatu. Zilikuwa miguu yenyewe. Nikamwambia arudi kesho. Sikumwambia lingine. Mwoga mimi.

Bila miguu hiyo, plasta zote walizochukua ni kazi bure. Na wanaruka Jumapili. Kufuta nilichoandika kunahitaji barua ya kukiri kosa na sahihi ya Mzee Lado. Wa mwisho kuandika barua kama hiyo ni karani mwenzangu Wani, na Wani siku hizi anauza chipsi mtaani Malakia. Nyumba hii inakula kwa mshahara wangu. Nikiandika, kazi. Nisipoandika, mama. Nimejikasirikia mpaka kichwa kinauma. Nilikuwa na haraka ya kwenda wapi siku ile?

Alhamisi, 6 Februari

Mama ameshaahidi magongo yake kwa jirani. Sikuweza hata kumaliza chai.

Nimeandika. Mistari minne. Barua ya kwanza niliichana. Mzee Lado akasoma, akavua miwani, akavaa, akasoma tena.

"Nani wako anangoja huko?"

"Mama yangu."

"Na kama si mama yako, binti, ungeandika?"

Nikamsogezea kalamu. Swali hilo linaniuma mpaka sasa. Akatia sahihi. Kama bado nina kazi, sijui.

Ofisa wa ushuru hakuamini barua. Akaamuru gunia likatwe. Miguu ikamwagika sakafuni, ya kushoto na ya kulia, kila mmoja na vidole vyake vitano. Wabebaji walirudi nyuma, mmoja akafanya ishara ya msalaba. Ofisa akaokota mmoja, akaugeuza. Akasema sawa, si viatu, lakini mwenye muhuri ni mkubwa wake na ameshaondoka. Kesho.

Ijumaa, 7 Februari

Saa tatu, mkubwa hajafika. Saa nne, hajafika. Saa tano na nusu, muhuri. Mzee Lado akatoa pikapu yake, akaendesha mwenyewe.

Watu walikuwa wamekaa ukutani tangu alfajiri, mama katikati yao, ameshika tiketi yake kama ya ndege. Nilimwambia Suresh kosa ni langu. Nesi akatafsiri. Suresh akasema kwao mzigo kama huu uliwahi kulala bandarini miezi miwili, siku nne ni baraka. Akaingia kazini. Leo wachache, waliobaki kesho, mchana kutwa.

Tukirudi, Mzee Lado akasema nitapata barua ya onyo, na hayo yaishie hapo. Wani alikiri baada ya kushikwa. Mimi nilikuja mwenyewe. Nimepumua. Wiki hii yote sikuwa nimepumua. Mama sijamwambia na sina mpango.

Jumamosi, 8 Februari

Mama amevaa. La kwanza, kalalamikia rangi. "Huu mguu wa Mhindi." Suresh alipotafsiriwa alicheka, akasema jua la Juba litaurekebisha. Mama akashika vyuma viwili vya kujifunzia kutembea. Hatua moja. Mbili. Tisa. Akaachia vyuma, akachuchumaa, akainuka. Hakushikwa na mtu.

Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikalia kama mjinga. Kama wenzetu hawa wanataka mafuta, waongee na wakubwa. Mimi nilichotaka nimepata. Mungu ashukuriwe.

Jumanne, 11 Februari

Nimetoka kazini, nimefika saa kumi na moja. Mlango una kufuli. Miaka minne nikifika namkuta kwenye kiti kilekile, ananisubiri nimsaidie kwenda uani. Leo kiti kitupu. Ufunguo kamwachia jirani. Jirani anasema ametoka saa tisa, kaenda soko la Gurei kununua mboga, bila shaka yuko huko anapiga domo.

Nilianza kumfuata. Nikafika getini, nikakumbuka ana mguu sasa, nikarudi.

Sijawahi kuwa peke yangu ndani ya nyumba hii. Nimechemsha chai. Saa kumi na mbili kasoro na bado hajarudi. Nimejimiminia kikombe cha pili.