Swali Asiloulizwa Nahodha

Mwanangu Zainabu,

Hapa Ujiji kumekucha vizuri, na mimi nimeamka na hasira na wewe. Nilidhani mwili ukidhoofu, hasira nayo ingedhoofu. Wapi. Miguu imevimba, pumzi inaniishia nikitoka kitandani hadi mlangoni, lakini hasira ina afya yake kamili. Daktari ameniambia kwa upole kwamba moyo umechoka na hana la kuongeza. Kwa hiyo nakuandikia sasa, nikiwa bado naweza kuishika sentensi hadi mwisho wake.

Ninaiacha barua hii wazi, atakaye asome. Ahadi uliitoa mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mbele ya watu, nami nikiwa nimesimama kando yako. Siwezi kukugombeza chumbani kwa neno ulilolisema hadharani. Tena kuna jambo nimelifanya juzijuzi ambalo sharti nilikiri kwa kinywa changu kabla hajasingiziwa mtu mwingine. Nitalifikia. Kwanza nataka ukumbuke.

Kumbuka meza yetu ya chakula. Ulikuwa kidato cha tatu, nami mwalimu wa fizikia niliyekaribia kustaafu, nimerudi kutoka mafunzo ya likizo na kitabu kinene cha Java, lugha ya kuandikia programu, kilichokuwa kikipukutika kurasa. Kompyuta ilikaa mahali pa sufuria ya wali. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akitutengea sahani mkekani na kuwaambia majirani kwamba anaishi na watu wawili wanaogombana na kioo. Tuliandika vijiprogramu vya kila namna: cha kujumlisha alama za wanafunzi, kingine cha kucheza bao, ambacho kilikuwa kikijifunga chenyewe na kutangaza ushindi. Ulicheka hadi ukakohoa. Kisha siku moja ukasema tuache michezo, tuandike kitu cha ziwa.

Jina la "Giza" lilikuwa lako. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka hawana haja na taa ya mtu. Ndiyo maana wavuvi hupumzika siku za mbalamwezi, na wakirudi majini lazima wajue giza litadumu saa ngapi kabla mwezi haujachomoza. Programu yetu ilikuwa ya kuwaambia hivyo tu, basi. Ilibidi iwe ndogo, maana vitochi, simu ndogo za vibonye za wakati ule, vilikuwa na nafasi finyu kuliko ubao wangu wa darasani. Ili tuingize mstari mmoja tulikuwa tukifuta mwingine. Wewe ndiye uliyekataa mapambo yote, ukabakiza duara jeusi ambalo lilipungua kadiri giza lilivyopungua. Saa za Kizungu nazo ulizikataa. Ulisema mtu anayeshika kasia asihesabu mara mbili.

Na kumbuka tulivyoumbuka. Nahodha Yasini alikuwa wa kwanza kuikubali kwenye simu yake. Programu ikamwambia mwezi utachomoza saa mbili usiku. Asubuhi yake alitungoja mwaloni, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Mwalimu," akasema, "mwezi wenu una haraka. Wa kwetu lazima upande mlima kwanza."

Wachukuzi walicheka wakaweka mizigo chini. Nimezaliwa chini ya vilima hivi, nimefundisha mwanga na kivuli umri wangu wote, halafu nikaukokotoa mwezi kana kwamba Kigoma ni meza. Tulirudi nyumbani. Tukaongeza muda wa mlima, na juu ya hesabu ile, kwa yale maneno ambayo mashine huyaruka lakini mtu huyasoma, uliandika: mwezi hupanda mlima kwanza.

Baada ya hapo "Giza" ikaenea kwa kurushiana, simu kwa simu, mtumbwi kwa mtumbwi, hadi vijiji vya kusini ambavyo hatukuwahi kufika. Hakuna aliyejiandikisha. Hatukujua ni nani anayo na nani hana. Haikumuuliza mtu neno lolote. Nilidhani umeelewa kwamba huo ndio uliokuwa uzuri wake.

Nilidhani umeelewa kwa sababu ulifundishwa mapema. Ulikuwa mdogo, umenishika kidole, tumekwenda kununua dagaa. Ukamuuliza Yasini, wakati huo ndiyo kwanza amekuwa nahodha, amevua wapi. Akaliashiria ziwa zima kwa kidevu, kutoka kaskazini hadi kusini. "Kule penye maji," akasema. Wanawake wakaangua kicheko. Bi Tausi, aliyekuwa akianika dagaa pale tangu ujana wake, akakuvuta kando akakufuta mchanga magotini.

"Mwanangu, nahodha haulizwi alipovua," akakuambia. "Au umuulize na mambo ya chumbani kwake?"

Ulirudi nyumbani unalirudia, bila kujua kwa nini mama yako anakuziba mdomo. Lakini ulilijua. Kwetu, mahali alipopata samaki nahodha hamwambii hata shemeji yake. Na amepata kiasi gani, hilo huonekana mtumbwi unapogusa mchanga, kwa macho ya wote kwa pamoja: mwenye beseni moja na mwenye lori. Hapo ndipo maneno ya bei huanza, na hakuna aliyefika akijua kuliko mwenzake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Imewalisha watu bila kuandikwa.

Ukasoma, ukaondoka. Java ilikufikisha mbali kuliko ilivyonifikisha mimi, na nilijivuna hadi msikitini wakawa wanaanza mazungumzo mengine wakiniona. Kisha ukaja likizo na "Giza" mpya: ya simu janja, yenye tovuti nyuma yake, yenye rangi. Hesabu ya mwezi ilibaki ileile ya mezani kwetu. Ila ilikuwa imeongezwa maswali mawili. Umevua wapi? Umepata ndoo ngapi?

Nilikuuliza ya nini. Ukasema ni ili manahodha wasaidiane, mwaka hadi mwaka wajue samaki wanaelekea wapi. Nilitaka kukuamini, nikakuamini. Tukaenda Kibirizi. Bi Tausi akakupindulia ndoo yake usimame juu, watu wakuone. Ukawaambia: "Mtakachoandika humu ni chenu. Hakitoki Kibirizi."

Hawakukutazama wewe, Zainabu. Walinitazama mimi. Nusu yao niliwafundisha. Nikaitikia kwa kichwa, na kila mmoja akatoa simu yake.

Wakaandika. Hilo ndilo linalonichoma. Yasini, ambaye hajawahi kumwambia binadamu alipovua, aliandika kila alfajiri akiwa bado majini, mara tu mtandao uliposhika. Nilimuuliza amewezaje. Akafikiri, akasema simu haina uso. Mtu akiniuliza, alisema, ninaona macho yake yanataka nini. Simu haitaki kitu.

Simu ilitaka, ila aliyetaka alikuwa mbali.

Bi Tausi ndiye aliyekuja kuniambia. Alibisha hodi asubuhi, wakati ambao mwanika dagaa hatakiwi kuwa Ujiji. Anatakiwa awe mchangani, anageuza. Beseni lake lilikuwa kavu. Aliniamkia, akanijulia hali ya miguu, akakaa kizingitini. Akaeleza kwamba malori ya kutoka mbali siku hizi hayatafuti tena. Yanaegesha pale pale mitumbwi yenye samaki itakapofikia, kabla haijaonekana. Madalali wanayo simu mkononi, wanamtaja nahodha kwa jina na ndoo zake kwa hesabu, na wakijua wengi wamepata wanashusha bei mtumbwi ukiwa bado majini. Nahodha akifika ameshauza. Wanaoanika wanabaki kuokota wanaomwagika.

"Mwalimu," akasema, "leo nimefika mwaloni nimechelewa, na jua lilikuwa bado halijatoka."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alikunywa maji, akaondoka.

Nilifungua tovuti yako. Kulikuwa na ukurasa ambao hukuwahi kunionyesha, wa wanunuzi, wenye ramani ya ziwa letu na vidoa vinavyong'aa, kila kidoa mtu ninayemjua. Nikakupigia. Ulinijibu kwa ile sauti ya mikutano.

"Baba, taarifa zikiwa wazi soko linakuwa la haki. Kila mtu anafaidika."

"Kila mtu nani?"

Ukasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nilikuwa nasikia kijiko cha mtu kikikoroga chai nyuma yako.

Nilikupigia tena, na tena. Ukaniandikia kwamba uamuzi si wako peke yako, kwamba kuna wenzako, kwamba mtu akigusa kile kidude cha kukubali masharti amekubali. Masharti yaliandikwa Kiingereza, Zainabu. Bi Tausi hana hata simu janja. Yeye alikubali masharti gani? Alikubali ndoo yake ipinduliwe, ukapanda juu.

Nimefundisha watoto wakorofi. Nimefundisha wezi wa mitihani, na mmoja aliyeiuza kengele ya shule. Hakuna aliyenikasirisha hivi, kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa anajua anachofanya kama ulivyokuwa unajua wewe. Mgeni angeandika yale maswali mawili kwa ujinga. Wewe ulifutwa mchanga magotini ukaambiwa. Ulichukua jambo ambalo watu wetu hawaambiani uso kwa uso, ukatafuta njia ya kuliuliza bila uso.

Sasa ninalokiri.

Unajua kwamba programu ya simu hutiwa sahihi kwa ufunguo, na kwamba simu iliyoipokea mara moja haitakubali toleo jipya lisilo na sahihi ya ufunguo uleule. Unajua kwamba ufunguo wa "Giza" uko kwenye kompyuta yangu tu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikirekebisha hesabu ya mwezi na kutoa matoleo, nawe uliogopa ukizurura nao utapotea. Na unajua neno lake la siri lilikuwa jina la mama yako.

Juzijuzi, baada ya chai ya asubuhi, nilifungua programu. Kazi ya saa moja ilinichukua mchana wote. Naandika, napumzika, naandika. Katikati ya mistari ambayo siitambui tena, ya watu nisiowajua, nikayakuta maneno yako: mwezi hupanda mlima kwanza. Hakuna aliyeyafuta. Nilivua miwani nikakaa. Sitakuficha, nililia, na nilipomaliza kulia hasira ilikuwa palepale.

Nikayaondoa maswali mawili. Nikaondoa kila mstari unaotuma kitu nje ya simu. Nikabakiza duara jeusi na saa za Kiswahili. Nikalitia sahihi toleo hilo, nikampelekea fundi simu wa mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, awawekee watu, na kutoka hapo wamerushiana wenyewe kama zamani. Fundi hajui amesambaza nini; nilimwambia ni marekebisho ya mwezi. Asiguswe. Yasini naye hajui. Aliniletea dagaa wa kukaanga, akasema tu kwamba simu imeacha udadisi. Ukurasa wa wanunuzi ukiufungua leo utaona ziwa tupu.

Yaliyokwisha kuandikwa yako kwako na siwezi kuyafikia. Wenzako wanaweza pia kutengeneza programu nyingine kwa jina jingine. Waitengeneze. Waje waisimamie wenyewe juu ya ndoo. Ila hii tuliyoanza mezani kwetu haitamuuliza tena mtu amevua wapi.

Nasikia huko mliko jambo hili lina jina la kisheria, na kwamba mzee wa maradhi ya moyo naye anashitakiwa. Wafanye haraka. Mimi sijutii. Ninakiri ili ijulikane ni mimi, siombi radhi.

Lililobaki ni hili. Kabla sijaufunga ufunguo nilibadilisha neno lake la siri, na nakala nyingine ya ufunguo hakuna. Nilimwita Bi Tausi nikamwambia neno hilo. Hakuandika. Alilirudia kwa sauti hadi nikaridhika, akauliza kama lina ubaya wowote, nikamwambia halina. Nikizikwa atabaki nalo yeye.

Ukilitaka, njoo ulichukue. Utamkuta mchangani asubuhi, kama kuna cha kuanika. Usimpigie simu, usimtume mtu. Mwamkie, chuchumaa hapo anapogeuza dagaa, umwombe kwa mdomo wako huku akikutazama usoni. Akikupa, lichukue, sina neno. Litakuwa lake kukupa. Akikuuliza unalitakia nini, mjibu.

Ukinikuta hai tutagombana mezani, nimekutunzia kiti. Ukinikuta sipo, usije kaburini kwanza. Pitia Kibirizi.

Mimi, baba yako, niliyeitikia kwa kichwa.