Diski Mbili, Nyumba Mbili

Mpendwa mke mwenzangu,

Nimechoka. Naanza hivyo kwa sababu unanijua, na leo sina nguvu ya kukuuliza habari za mvua na mifugo huko Sigor. Nimechuma majani tangu asubuhi, mgongo unawaka, na vidole vimeingia weusi wa chai hata naona aibu kuishika karatasi. Barua hii sitaifunga kwa gundi. Atakayeileta akitaka kuisoma njiani, na aisome. Maneno niliyokutumia kwa midomo ya watu yalifika yamepindwa, na sitaki tena mtu anisemee.

Unakumbuka siku ile Baba Cherono alipoifungua kompyuta juu ya meza ya chakula? Mimi nimeshapika, naingia na sufuria, nakuta mume wetu ametandaza vyuma kila mahali, na wewe umekaa kando yake umeshika kijitabu cha Kiingereza kama mchungaji anavyoshika Biblia. Nilikasirika. Hukuwa umekaa kwetu sana wakati huo, na hiyo sekondari yako ilikuwa inanikera. Nikasema ugali wangu hauliwi juu ya nyaya. Wewe hukuinua hata uso.

"Mama Cherono, shika tochi basi, tumalize haraka tule."

Nikashika.

Shida ya mume wetu ilikuwa picha. Alikuwa akipiga video za harusi na mazishi kutoka Mogogosiek hadi Litein, akataka kuzikata na kuziunga ndani ya kompyuta kama alivyoona wenzake wa Nairobi wakifanya. Lakini kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu na diski yake ilikuwa nzito, picha zikaingia kwa kurukaruka. Bibi harusi anaonekana mlangoni mwa kanisa, kufumba na kufumbua yuko mbele kwa mchungaji, hakutembea. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Ndipo akaenda akaleta diski mbili zinazofanana, aziongeze kwenye kompyuta ileile tuliyokuwa nayo.

Skrubu hazikutosha, akaivunja redio mbovu akatoa zake. Wewe ukasoma na kutafsiri. Chomeka hii hapa. Ukingo mwekundu wa waya uwe upande huu. Washa. Sasa zichague zote mbili kwa pamoja, uiambie mashine izifanye kitu kimoja. Mimi nikauliza kitu kimoja kinatoka wapi na hali naona viwili. Ukaweka kijitabu chini, na kwa mara ya kwanza ukanieleza bila kunionyesha kwamba umesoma.

"Ukichuma mstari wa chai peke yako, si unachelewa? Sasa tuingie wawili, wewe upande huu, mimi upande ule. Hii mashine itakuwa inaandika kidogo kwa hii, kidogo kwa ile, kidogo kwa hii, kidogo kwa ile. Ndiyo iende mbio."

"Na mmoja wetu akienda nyumbani?"

Ukatafuta ukurasa, ukasoma kimoyomoyo. "Wanasema moja ikipotea, zote zimepotea. Ile inabaki haina maana."

"Nani anaenda nyumbani?" Baba Cherono akasema, bisibisi iko mdomoni. "Hapa hakuna mtu anaenda. Soma mbele."

Ukasoma mbele.

Picha ya kwanza aliyoiingiza ilikuwa ya Cherono wetu akimwiga karani wa kituo cha kupimia majani. Amevaa koti la baba yake linaburuta chini, kalamu iko sikioni, amekining'iniza kikapu chako kwenye tawi na anawapimia kuku. "Haya ni majani mabaya! Rudisha nyumbani! Next!" Kuku wanatawanyika, yeye anawafuata na koti lake. Picha ikatembea mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Tulicheka sote, na mtoto akapanda mapajani ili ajitazame vizuri. Mapaja yako, si yangu.

Siwezi kukuandikia nikaliacha hilo. Alikuwa wako pia. Mungu hakukupa wa tumbo lako, lakini yule alilala kwako kuliko kwangu. Alikuita Mama Mdogo, na kila asubuhi alirudi kwangu ananuka moshi wa jiko lako na ile mursik yako, maziwa ya kibuyu ambayo, nisamehe, haikushinda yangu hata siku moja. Alipougua kifua msimu ule wa baridi, ni wewe uliyembeba mgongoni mpaka hospitali, mimi nikikimbia nyuma na blanketi. Tulirudi na blanketi.

Na wajua tabia ya Baba Cherono. Akishaingiza picha kwenye kompyuta, ile kaseti anaenda nayo kwenye harusi nyingine, anarekodi juu yake. Kwa hiyo mtoto hakubaki popote isipokuwa ndani ya zile diski. Ninayo ile picha moja ya ubatizo, na humo amefumba macho. Sauti yake haiko mahali pengine duniani. Baada ya kumzika tulikuwa tukitoka kanisani tunakaa kwenye benchi, mimi na wewe, anatuwekea, tunatazama. Kisha tunaenda kukamua.

Halafu naye baba yake akaenda. Habari ya lile lori sitaiandika, nimechoka kuisimulia.

Wazee wa ukoo walipokuja kugawa mali yake, nilikuwa nimekaa kwenye nyasi na wavulana wangu, ndugu zake Cherono, na wewe umekaa peke yako karibu na ghala la mahindi. Wazee hawakuwa watu wabaya. Ni shemeji zetu waliosema, "Huyu hana mtoto, na ndoa ya kanisani hakufunga. Apewe kwa sababu gani?" Chai ikaenda, ng'ombe wakaenda, na kila kitu kilichopaswa kuwa chako kikapata mtu wa kukutunzia. Mzee aliyekuwa anaongoza nilimwona akiona aibu. Alitafuta kwa macho kitu cha kukupa usiondoke mikono mitupu, na macho yakaangukia kompyuta.

"Hii kitu nasikia ndani iko na chuma mbili," akasema. "Nyumba ni mbili. Kila nyumba ichukue moja. Kuna maneno gani hapo?"

Nikasimama. "Mzee, hizo haziachanishwi. Zinafanya kazi pamoja."

"Mama, hata ng'ombe wa plau wanaachanishwa jioni."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikakutazama wewe, wewe uliyesoma kile kijitabu. Nilingoja uwarushie hicho Kiingereza chako siku hiyo moja tu. Ukachukua bisibisi, ukafungua skrubu mwenyewe, ukaifunga diski kwenye leso, ukaondoka kurudi kwenu Sigor. Nikadhani ni kiburi.

Nilipoiwasha kompyuta na diski iliyobaki, iliniandikia kwamba mwenzake hayupo. Nikaipeleka kwa fundi Kericho. Alikuwa kijana mwenye adabu, akajaribu sana.

"Mama, si ati wewe uko na picha zingine na yule mwingine ako na zingine. Kila picha imekatwa. Hapa uko na nusu ya kila kitu, na hakuna hata moja nzima."

Akaongeza kwamba unyevu wa huku kwetu unazila hizi mashine, na diski ikiharibika, iwe yangu au yako, hakuna fundi wa kumrudisha mtoto.

Ndiyo maana nilikutumia neno kwa muuza mbuzi, kisha kwa mama wa kanisa, kisha nikaja mwenyewe. Ulinipokea vizuri. Ulinipa chai ya maziwa matupu, ukaniuliza habari za wavulana. Diski ilikuwa juu ya kabati, kwenye leso ileile, na sikuona vumbi juu yake. Nilipoiomba, uliniongezea chai kwanza.

"Mama Cherono, omba kingine," ukasema. "Hii ndiyo wazee walinipa wakitaja jina langu. Nikikupa, mimi nilikuwa nani kwa ile boma?"

Nikainuka, sikukuaga ipasavyo. Njia nzima nilikuwa nakugombeza kichwani, na niliendelea kukugombeza nikichuma, nikipika, nikiomba. Lakini hasira nayo inataka nguvu, dada yangu, na mimi nguvu zimeisha. Ilipoisha hasira, swali lako lilibaki palepale. Mimi nina wavulana, nina majani ya kuchuma, nina mahali pa kukaa kanisani. Nikikunyang'anya hicho kimoja, nitakuwa nimemaliza kazi waliyoianza shemeji zetu.

Kwa hiyo sikuombi tena. Anayekuletea barua hii ana sanduku kubwa. Ndani yake kuna kompyuta yote, nimeizungushia godoro la zamani kisije kikavunjika kitu kwenye barabara zenu. Diski yangu iko mahali pake, nimeikaza kwa mkono wangu. Nafasi iliyo chini yake ni ya diski yako. Kijitabu nimekiweka pia, ingawa najua hukihitaji. Wanasema kuna kinyozi hapo kituoni mwenye jenereta, mwombe siku moja asipokuwa na wateja.

Sikuazimi. Nimesimama mbele ya wazee, na shemeji zetu wakisikia, nikasema kwamba nyumba yangu imetoa sehemu yake, na kuanzia leo kitu hicho chote ni cha nyumba ya pili. Shemeji mkubwa akaniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia aende akamue.

Sitaki kukuficha, nimelia nikilifunga sanduku. Sijui kama nitamsikia tena mtoto wangu. Usidhani nakutega ili unialike, na usinirudishie kwa huruma. Ila naona bora mmoja wetu awe naye mzima kuliko sisi wawili kukaa na vipande vyake mpaka kutu ivile. Usikawie tu. Washa mapema, kabla unyevu niliokuletea kutoka huku haujafanya kazi yake.

Akitokea, mtazame mpaka utosheke. Kisha mtazame kidogo kwa ajili yangu.

Ni mimi,
Mama Cherono mwenzako