Baba Neema, Sanduku la Imeili ni Tupu

Baba Neema,

Mvua imeanza hapa Maji ya Chai, na Neema sasa anatembea. Anakwenda mpaka kwenye meza ya runinga, ananyoosha kidole kwenye picha yako na kusema, "Anko." Ni ile ya kitambulisho, tuliyoikuza siku ya kukuzika kwa kuwa hatukuwa na nyingine. Umekaza uso kama unasubiri sindano. Simlaumu mtoto. Hata mimi sikujui hapo.

Nyingine zote zilikuwa kwenye kompyuta. Wageni uliowatembeza mlimani kule Momela ndio waliokupiga picha, ndio waliokutumia kwa imeili. Uliniita, "Mama Neema, njoo umwone mume wako!" Nikaja na mwiko mkononi. Pichani umekaa juu ya jiwe, unacheka mpaka macho yamepotea. Nikakwambia, "Kumbe mlimani una meno! Nyumbani unayaficha wapi?" Ukacheka vilevile, palepale.

Baada ya matanga ukoo ulikaa, vitu vyako vikagawanywa. Koti la baridi alipewa baba mdogo, kompyuta alipewa kaka yako. Sikubisha, ndivyo inavyofanywa. Nilijua imeili zinakaa kwenye seva, kule mtandaoni, na nywila yako ninayo. Nilipokwenda kuomba picha, shemeji alishaipeleka kompyuta kwa fundi ikafutwa yote, watoto wake wasomee. Akasema, "Shemeji, si ni picha tu?" Nilimwambia akae na kompyuta yake, ila neno hilo asilirudie mbele yangu.

Nikaenda mjini kwa fundi mwingine, Neema mgongoni. Akafungua sanduku lako. Tupu, Baba Neema. Matangazo, na barua chache zilizoingia baada yako. Akanielewesha taratibu: ile programu uliyosomea barua ilikuwa inazishusha kwenye kompyuta, halafu inazifuta kule kwenye seva. Kuna mahali pa kuweka tiki ili nakala ibaki. Wewe uliitoa.

Nikakumbuka. Picha zilikuwa nzito, sanduku likajaa, barua za wageni wapya zikawa zinarudi kwao. Ukasema, "Ni kama sanduku la posta, mama. Ukishachukua barua, unaliacha lipumue." Ulikuwa unatutafutia ugali. Sasa hasira yangu niipeleke kwa nani?

Kati ya zile chache kuna ya mama mmoja mgeni, anauliza kama ulizipata picha. Nilimjibu kwa Kiingereza changu cha shule ya kata, nikamwambia umefariki, nikamwomba azitume tena. Kimya. Nikarudia. Kimya.

Nimechoka, mume wangu. Sidhani kama zitakuja. Imeili yako nimeiweka kwenye simu yangu, na jambo la kwanza nililomwambia fundi ni kwamba nakala ibaki kule, hata ya tangazo. Alinitazama kwa huruma. Sikumjali.

Pumzika, Baba Neema. Ninachoweza kukuahidi ni hiki tu. Neema akisema tena "Anko," nitamkalisha mapajani, nitafinya macho yapotee kama yako, nicheke kicheko chako mpaka akijue. Hata siku ambazo sina cha kuchekea. Na siku hizi, zote ni za namna hiyo.

Wako,
Mama Neema