Mbuzi Mabegani mwa Mchungaji

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Nyuma ya kiwanda cha matofali,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu Beberu,

Marahaba! Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana nikikungoja wewe nitazeeka.

Habari za huko? Kile kifua kimepoa, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Kazi je, na kile chumba kinachovuja? Sisi hatujambo, kwa rehema za Mungu. Shemeji yako yumo kwenye vumbi la matofali kama kawaida, na watoto wanakua haraka kuliko nguo ninazowashonea.

Usinune kwa kuwa nimekuita Beberu. Najua ulilipiga marufuku jina hilo tangu siku mwalimu alipofundisha habari za mabeberu walioinyonya nchi, darasa zima likageuka kukutazama wewe. Lakini ni jina ulilopewa na baba kwa ukaidi wako, na leo lina kazi yake. Vumilia nikueleze.

Baba yupo. Magoti yanamsumbua tangu alipouza mifugo na kuhamia kwetu, na meno ya mbele yamekwisha, ila ulimi haujapungua hata kidogo. Analalamikia chai, analalamikia mto wa kulalia, analalamikia kuku wa jirani ambao anasema hawana adabu. Jina lako, kama ujuavyo, halitaji. Tangu ulipomwambia kwamba hukuzaliwa kunuka mbuzi, naye akakujibu kwamba ukilivuka zizi usirudi, wewe kwake umekuwa "yule". "Yule ameandika?" Akishauliza hivyo anageukia dirishani, kana kwamba aliyeuliza ni mtu mwingine.

Sasa sikia ya kanisani.

Ukuta wa mbele ulikuwa umebanduka rangi, tukakubaliana achorwe Yesu Mchungaji Mwema, na kondoo wake mabegani. Kazi akapewa mchora vibao wa hapa mtaani, yule anayechora vichwa kwenye milango ya vinyozi. Mimi nikashona pazia la kuufunika ukuta mpaka siku yenyewe. Leo pazia likavutwa. Mdogo wangu, Bwana amenyolewa pembeni kama tangazo la kinyozi! Hilo tungelimeza. Lakini mnyama aliyebebwa ana mkia uliosimama juu na kijindevu kidevuni. Maskini mchoraji, mtoto wa mjini, alikwenda kwa wauza nyama kuomba aoneshwe kondoo, wakamfanyia mzaha wakamwonesha mbuzi.

Kina mama tukaanza kuchekea kwenye vitambaa vyetu. Mzee wa kanisa hakucheka. Alisimama akasema picha ifutwe leo leo, kwani siku ya mwisho mbuzi wana upande wao, wa kushoto kwa waliolaaniwa, na upande huo si mabegani. Mchungaji wetu akabaki anakuna kichwa, hajui aanze mahubiri au aagize chokaa.

Hapo ndipo baba aliposimama. Baba! Yeye ambaye hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na akiulizwa kwa nini husema amefuata upepo. Akashika mgongo wa benchi la mbele yake.

"Msimfute," akasema. "Mimi nimechunga kondoo, na mbuzi nimechunga. Kondoo akiona wenzake wanarudi, naye anarudi. Mbuzi ndiye anayekupandisha majabali na mvua hiyo inakunyeshea. Unamtukana njia nzima, ukimpata unambeba. Sasa huyo Bwana hapo ukutani mlitaka ambebe nani?"

Watu wakacheka, hata mzee wa kanisa midomo ikamcheza. Nikadhani baba amemaliza. Kumbe bado. Akasema kwa sauti ndogo, "Sijawahi kumwacha mbuzi nje kwa ajili ya ukaidi wake. Ila mmoja. Huyo nilimwacha."

Akakaa.

Nililia, sikufichi. Nililia mpaka jirani yangu akanipa kitambaa chake, maana changu kilikuwa hakifai tena. Mchungaji akashuka mpaka benchi la nyuma, akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akamwita "mchungaji mwenzangu". Picha haifutwi. Na mahubiri yakawa mafupi, jambo ambalo peke yake ni muujiza.

Unajua, tangu tukiwa wadogo, nikisikia kwamba Mungu ni mchungaji, aliyekuwa akinijia kichwani ni mtu wa tai na Biblia kwapani. Na huku nimelelewa na mchungaji nyumba moja! Leo nimemkumbuka baba alivyokuwa akirudi amechanwa na miiba, shati linanuka, amembeba mnyama aliyemkimbia kwa makusudi, anamtukana na kumpangusa matope machoni kwa wakati mmoja. Hakuwa akimuuliza mbuzi kama amejuta. Alikuwa akimtazama miguu, kama ameumia.

Uliniambia umeacha kusali kwa sababu huoni kama kuna anayekusikia. Mimi si mhubiri, mimi ni fundi cherehani, sina cha kukubishia. Ila nimewaza hivi: kama baba yetu, na hasira zake zile za karibu, anaumia hivi kwa ajili ya mmoja, basi Yule wa juu anatupenda kuliko tunavyothubutu kuamini. Nimewaza hivyo, nikaona nisikae nalo peke yangu.

Shemeji yako anakusalimu sana, anasema ukija uje na viatu vya kazi, kiwandani wanatafuta watu. Watoto wanamsalimu mjomba wao. Yule wa mwisho, kwa jinsi anavyomsikia babu yake, anadhani "Yule" ndilo jina lako. Anakusalimu Mjomba Yule.

Nilipomwambia baba kwamba nakuandikia, nikamuuliza niweke salamu gani. Akasema salamu ni za watu wasiogombana. Nikaendelea kuandika. Baada ya kitambo akasema, "Mwandikie mluzi."

Unaikumbuka miluzi yake. Ule mmoja mrefu wa kwenda malishoni, na ule mfupi wa mara mbili wa kurudi zizini, ambao hata sisi tulikuwa tukiusikia tunaacha mchezo na kukimbilia nyumbani. Nikamwambia, "Baba, mluzi hauandikiki." Akajikongoja mpaka mlangoni, akaweka vidole mdomoni, akapuliza. Ukatoka upepo mtupu na mate. Watoto wakaangua kicheko. Hakuwajali. Akapuliza tena, na tena, macho yako barabarani, mpaka watoto wakanyamaza wenyewe.

"Basi mwambie nimepiga," akasema. "Na mwambie ni ule wa kurudi."

Amepiga, Beberu. Mimi nimeusikia.

Mungu akuchunge njiani, mdogo wangu, na miguu yako aiangalie.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na ukaidi wako wote.